Mto haujisafishi wenyewe: safari ya mlinganyo mmoja

Leo naweka kando simu na lugha za programu. Nataka kuwasimulia historia ya mlinganyo mmoja mfupi, kwa sababu wiki hii umenivunjia imani niliyokua nayo.

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba maji yanayotembea ni safi, na yaliyotuama ndiyo ya kuogopwa. Nikasema hebu niipime imani hiyo kwa tarakilishi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1885 daktari wa watoto, Theodor Escherich, alieleza bakteria aliyempata katika kinyesi cha watoto wachanga. Leo tunamwita E. koli. Aina nyingi za bakteria huyu hazidhuru, lakini akionekana mtoni tunajua kuna kinyesi kilichoingia, na kinyesi kinaweza kuja na homa ya matumbo au kipindupindu. Badala ya kutafuta kila ugonjwa, unamhesabu shahidi mmoja.

Mwaka 1908 Harriet Chick, mtafiti wa Taasisi ya Lister mjini London, alichapisha kazi kuhusu jinsi dawa zinavyoua vijidudu. Aliona kwamba hawafi wote kwa mpigo. Kila kipindi hufa sehemu ileile ya waliobaki. Ni kama riba ya benki iliyogeuzwa nyuma: unakatwa kadiri ya ulicho nacho, na kadiri unavyopungukiwa ndivyo makato yanavyopungua. Waliokuja baadaye walitumia umbo hilohilo kueleza bakteria wanaokufa mtoni.

Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Streeter na Phelps, walitoa milinganyo ya mto Ohio. Wao walifuata oksijeni: uchafu unaila, hewa inairudisha. Hapo mto ukawa kitu cha kuhesabiwa, kilomita kwa kilomita, na hesabu yote ni ya mkono.

Kisha tarakilishi zikaja. Mwaka 1966 Crawford na Linsley wa Chuo Kikuu cha Stanford walikamilisha modeli iliyogeuza mvua kuwa mtiririko wa mto. Mwaka 1971 shirika la mazingira la Marekani likapata SWMM, programu ya maji ya mvua mijini. Wazo lake ni rahisi: siku za kiangazi uchafu unajilimbikiza barabarani na kwenye paa, mvua ikinyesha unasombwa. Iliandikwa kwa Fortran, kisha toleo la 5 likaandikwa upya kwa C. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuupakua na kuusoma. Mimi nimeusoma, na ndani yake nimemkuta ndugu wa mlinganyo wa Chick: uchafu unapungua kwa sehemu ya uliobaki.

Mwaka 1978 Mancini alitoa namba za kutumia. Kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi, nyuzi 20, bila jua, kasi ya kufa ni takriban 0.8 kwa siku. Joto likipanda wanakufa haraka zaidi, jua likipenya hali kadhalika.

Sasa tuhesabu. Tuseme kijito cha Nairobi kimepokea maji taka, kikawa na bakteria milioni moja katika kila mililita 100. Maji yanakwenda sentimita 30 kwa sekunde. Baada ya kilomita 10 zimepita saa 9 na ushei. Katika kila bakteria 100, zaidi ya 70 bado wako hai! Mwaka 1986 Marekani iliweka kiwango cha wastani wa 126 kwa mililita 100 kwa maji ya kuogelea. Ili kufika hapo kijito chetu kinahitaji siku 11, yaani karibu kilomita 290, bila mtu mwingine kumwaga chochote njiani. Hiyo ni zaidi ya nusu ya safari ya Mombasa.

Na hapo nimeupendelea mto. Wengine hujificha kwenye tope la chini, ambako wanaishi muda mrefu zaidi, kisha mvua kubwa inawakoroga na kuwarudisha juu. Jua nalo lina kazi ngumu kupenya maji meusi.

Tumezoea kumwambia aliye chini ya mto asubiri maji yajisafishe. Mlinganyo unasema hana siku 11 za kusubiri. Mkulima anayemwagilia sukuma wiki kando ya mto anachota maji yaliyotoka kwenye bomba lililopasuka asubuhi hiyohiyo. Mtoto anayevuka kwa miguu, vilevile.

Kwa hiyo, katika kijito cha mjini, namba ya kufa kwa bakteria si ndiyo inayoamua mambo. Kinachoamua ni orodha ya mahali uchafu unapoingilia: bomba gani, choo gani, mtaro gani, lita ngapi. Orodha hiyo haipatikani kwenye msimbo. Inatafutwa kwa miguu, kwa chupa za sampuli, mvua inyeshe au isinyeshe. Modeli bila sampuli ni kalkuleta isiyoingizwa namba.

Ukitaka kujaribu, chukua kalkuleta yako na ubadilishe kasi ya maji. Ukipata jibu zuri kuliko langu, niandikie. Ningependa kukosea.