Antonio Tabucchi na Kireno: Tafsiri kama Chimbuko la Mwandishi

Antonio Tabucchi alizaliwa Pisa, Italia, mwaka 1943, akafariki Lisbon mwaka 2012. Uhusiano wake na Ureno haukutokana na nasaba wala uhamisho, bali usomaji. Akiwa kijana jijini Paris, alisoma shairi la Fernando Pessoa katika tafsiri ya Kifaransa, akaazimia kujifunza Kireno. Baadaye alifundisha fasihi ya Kireno katika Chuo Kikuu cha Siena na, pamoja na mkewe, Maria José de Lancastre, akafasiri kazi za Pessoa kwa Kiitaliano.

Kireno hakikubaki somo la darasani. Riwaya yake *Requiem* (1991) aliiandika kwa lugha hiyo, na kazi ya kuifasiri kwa Kiitaliano akamwachia mtu mwingine. *Sostiene Pereira* (1994), aliyoiandika kwa Kiitaliano, yasimulia habari za mhariri wa gazeti mjini Lisbon mwaka 1938, chini ya utawala wa Salazar, anayelazimika kuchagua kati ya kunyamaza na kuchapisha ukweli. Riwaya hiyo ilitoka mwaka ambao Silvio Berlusconi, mmiliki wa vituo vya televisheni, aliingia madarakani. Waitaliano wengi waliisoma kama onyo kwa nchi yao.

Hivyo historia ya Ureno ilimpa Tabucchi nyenzo za kuihoji Italia. Chanzo kilikuwa tafsiri moja. Sera ya lugha inayoiona tafsiri kuwa anasa huziba chemchemi ambayo faida yake haikadiriki mapema.