Masika Yasiyotabirika: Kuilinda Nafaka Tangu Mbegu Hadi Ghalani

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na hesabu yao. Wakianzia Nairuzi walihesabu miongo ya siku kumi kumi, na kila mtu alijua ni mwongo gani wa kusafisha konde na ni upi wa kungojea mvua. Hesabu hiyo siidharau, ila mvua yenyewe haiifuati tena. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilifeli katika maeneo mengi kame ya Kenya, sehemu za Kilifi na Kwale zikiwemo. Kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko, na 2024 mto Tana ukafurika tena. Anayelima hapa hana budi kujiandaa kwa hali zote mbili.

Jambo ambalo wakulima wengi hawaambiwi ni kwamba masika na vuli hazitabiriki sawasawa. Vuli, ya Oktoba hadi Disemba, hufuata sana joto la bahari. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli huwa nzito, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Kwa hivyo utabiri wa vuli wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa una uzito, na mimi huutumia kuamua nitapanda nini. Masika ni magumu zaidi. Dalili zake baharini ni hafifu, na utabiri wa miezi mitatu mara nyingi hausemi mengi. Hapo fuata utabiri wa kila wiki wa kaunti yako, na uigawe hatari shambani mwenyewe.

Balaa kubwa la masika ni mvua ya kudanganya. Mwisho wa Machi hunyesha siku mbili, watu wote wako konde, mbegu zinaota, halafu jua la wiki mbili linaikausha miche. Mbegu imekwenda, na pesa za kununua nyingine hazipo. Mimi hupima udongo, siangalii tarehe. Chimba kwa jembe. Unyevu ukiwa umeshuka zaidi ya kina cha kiganja, na mvua imenyesha zaidi ya siku moja, panda. Ukiwa juu juu tu, ngoja. Ukitaka kuwa na uhakika, weka uwanjani kopo lenye ubavu ulionyooka na upime maji kwa rula ya mwanafunzi. Yakifika milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, umepata mvua ya kupandia.

Ukanda wetu wa karibu na bahari hupata kilele cha masika mwezi Mei, kwa hivyo kungoja siku kumi si hasara kubwa. Ganze na Kinango hesabu ni nyingine. Huko msimu ni mfupi, na kila siku iliyopotea hulipwa mwishoni, mahindi yanapotafuta maji ya kujaza punje.

Kuhusu mbegu, mtu asikuuzie 614 ya nyanda za juu ati kwa sababu mhindi wake ni mkubwa. Hiyo hukaa shambani miezi sita au zaidi, na mvua yetu haikai muda huo. PH1 na PH4 zilitengenezwa kwa ajili ya Pwani, na herufi zile ni za neno Pwani. Panapokauka mapema, DH04 hukomaa upesi zaidi. Konde langu siliachii mahindi peke yake. Sehemu huwa ya mtama, na katikati ya mahindi hutia kunde au pojo. Mtama huvumilia jua, na ukishakatwa huchipua tena mvua ikirudi. Adui yake ni ndege. Ukiupanda peke yako kijiji kizima, umewaandalia karamu, kwa hivyo kubalianeni majirani mpande wakati mmoja.

Mahindi hayavumilii kiu wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kutoa mbelewele. Kabla ya hapo huweza kujikunja mchana na kufunguka jioni bila madhara makubwa. Palilia mapema basi, kwani magugu hunywa maji yale yale. Mbolea ya kukuzia usiitie kwenye udongo mkavu, wala mawingu mazito yakiwa yametanda. Mchanga wetu haushiki kitu, na mvua kubwa itaiteremsha chini ya mizizi. Igawe mara mbili.

Vipindi vya jua katikati ya mvua ndivyo viwavijeshi hushamiri. Waliingia Kenya 2017 na hawajaondoka. Pita shambani asubuhi mara mbili kwa wiki, ufunue majani ya katikati, uponde mayai na viwavi wadogo kwa mkono. Kiwavi akishakuwa mkubwa hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na dawa haimfikii vizuri.

Maji yakizidi, fungua mitaro siku hiyo hiyo. Mahindi yakisimama majini siku mbili tatu huanza kuwa manjano. Bonde linalotuama kila mwaka liachie mpunga.

Mavuno ya masika huangukia Julai na Agosti, manyunyu ya kusi bado yapo, na hapa ndipo sumukuvu huingia. Mwaka 2004 iliua watu 125 huko Ukambani kupitia mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Usianike juu ya udongo mtupu, tandika turubai au mkeka. Kabla ya kutia gunia, chukua chupa kavu, utie chumvi kavu na punje chache, ufunge na kutikisa, kisha uiache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.