Istilahi: Kizuizi cha silaha, na sababu za kutokiita usalama

Mgeni anayetaka kuteremka kreta ya Empakaai kwa miguu, au kupanda Olmoti kutoka Nainokanoka, haachwi aende peke yake. Hufuatana na askari wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro mwenye bunduki, maana kule nyati na chui ndio wenyeji. Bunduki hiyo inapokuwa na risasi, iko hatua chache tu kutoka kwa watu inaowalinda. Kwenye mfumo wake kuna kipande kidogo cha chuma kinachotakiwa kuizuia isilie kabla ya wakati. Kipande cha kazi hiyohiyo, kwa maumbo mbalimbali, kimo pia ndani ya bastola ya mfanyabiashara wa mjini mwenye kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Tukiiteje?

Wengi husema “usalama”, au huchukua neno la Kiingereza na kulitamka “sefti”. Weka usalama, toa usalama. Jina hilo linatoa ahadi ambayo chuma hakiwezi kuitimiza, na katika jambo la roho za watu jina la namna hiyo ni hatari. Napendekeza tuseme kizuizi.

Tuanze na namna bastola inavyofyatuka. Kidole huvuta triga. Triga huachia nyundo, au katika bastola nyingi za siku hizi huachia pini iliyobanwa na springi. Pini hugonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, fataki huwasha baruti. Kizuizi hukata mfuatano huo mahali fulani. Kipo kinachoshika triga peke yake, kipo kinachoshika nyundo, na kipo kinachokaa mbele ya pini ili isiifikie fataki. Hapa ndipo pa kuwa makini: kizuizi kinachoshika triga tu hakina msaada bastola ikidondoka na mshtuko ukaisukuma pini mbele. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mwenye silaha ni kizuizi chake kinazuia nini hasa.

Neno “kizuizi” lenyewe linalileta swali hilo, kwa sababu linadai kukamilishwa: kizuizi cha triga, kizuizi cha nyundo, kizuizi cha pini. Tena linakubali viwango. Bunduki ya Mauser ya 1898, ambayo muundo wake umeigwa na bunduki nyingi za kuwindia wanyama wakubwa, ina kijiti nyuma ya bolti chenye mikao mitatu. Kikilala kushoto, bunduki iko tayari kulia. Kikisimama wima, pini imezuiwa lakini bolti inafunguka, hivyo risasi inaweza kutolewa. Kikilala kulia, pini na bolti zote zimefungwa. Mwalimu anaweza kusema kizuizi nusu na kizuizi kamili, na mwanafunzi akaelewa mara moja. Usalama nusu ni kitu gani?

Je, vizuizi vinaaminika? Historia ya bastola inajibu kwa tahadhari. Bastola ya silinda ya Colt ya 1873 ilikuwa na pengo kwenye nyundo la kuizuia isishuke, lakini pengo hilo liliweza kuvunjika, na pigo juu ya nyundo iliyolala likatosha kuifanya ilie. Waliojua walijaza risasi tano katika silinda ya matundu sita, nyundo wakailaza juu ya tundu tupu. Mwaka 1973 Ruger walianza kutengeneza bastola za namna hiyo zenye kipande kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu triga inapovutwa. Ni maendeleo makubwa. Glock, iliyochaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, haina kijiti cha kusukuma kwa dole gumba, bali ina vizuizi vitatu vinavyojiondoa triga ikivutwa. Lakini triga haijui kama imevutwa na kidole kilichokusudia au na pindo la shati lililonasa wakati bastola inarudishwa kwenye ala. Hata mwaka 2017, Sig Sauer walitangaza kuzifanyia marekebisho bastola zao za P320, zenye kizuizi cha pini ndani, baada ya kuonekana kuwa zikidondoka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka.

Sehemu za chuma pia huchakaa, springi hulegea, fundi asiyestahili hupunguza kipande kwa tupa ili triga iwe nyepesi. Na vumbi jekundu la Karatu, likikutana na mafuta ya silaha, huwa kama uji mzito unaoganda penye vijia vyembamba ambamo pini na vizuizi vinapaswa kutembea kwa wepesi.

Lipo pia kosa ambalo vizuizi vingi havilitibu. Mtu huchomoa magazini akaamini bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba. Kwa hiyo tuseme “silaha tupu” baada ya vitendo vitatu tu, kwa mpangilio huu: kuchomoa magazini, kuvuta slaidi hadi nyuma, kisha kuichungulia chemba na kuipapasa kwa kidole.

Ningependa kamusi iandike hivi: kizuizi ni kifaa cha silaha kinachozuia sehemu moja ya mfumo wa kufyatua mpaka kiondolewe. Usalama tuuache kuwa jina la mwenendo wa mtu: mtutu usioelekezwa kwa asiyelengwa, kidole kilichonyooka nje ya triga, chemba iliyokaguliwa. Askari wa wanyamapori wa vijijini na mwombaji wa kibali mjini wakifundishwa maneno haya mawili yakiwa yametenganishwa, watajua ni kazi gani wameiachia chuma na ni ipi imebaki mikononi mwao.