Waliopaa Kutoka Kizimbani

Mwenzangu ninayepanga naye chumba hapa Makumira ana diski iliyojaa filamu za roboti na vyombo vya angani. Umeme ukikatika hunisimulia alizoziona. Usiku mmoja nilimwambia kwamba mimi waandishi ninaowapenda wa hadithi za namna hiyo ni watatu, na wawili kati yao waliandika kwa Kiswahili. Alicheka hadi akakaa kitandani. "Sisi? Sisi tuna majini na sungura."

Sikumjibu vizuri usiku ule. Najaribu sasa.

Nianze na yule asiye wetu. Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya yake ya kwanza, habari za puto linalovuka Afrika kwa majuma matano, na safari hiyo inaanzia Zanzibar. Verne hakuwahi kufika huku. Alisoma taarifa za wasafiri kama Burton na Speke, akaijaza ramani kwa kichwa chake. Kinachonivuta kwake ni hesabu. Puto haliongozeki, linakwenda linakopelekwa. Lakini pepo za juu na za chini huvuma pande tofauti, kwa hiyo mtu anayeweza kupanda na kushuka apendavyo anaweza kujichagulia upepo. Daktari Fergusson anaipasha gesi moto, inatanuka, puto linapanda; anaiacha ipoe, linashuka. Hamwagi mchanga wala hapotezi gesi. Ni kitu kimoja tu ambacho hakikuwapo duniani, kisha kila kinachofuata kinafuata kwa mantiki, kama mwalimu anavyomaliza swali ubaoni.

Puto linafika Kazeh, yaani Tabora ya leo. Watu wanadhani mwezi umewashukia, na wageni waliomo ndani ni wana wa mwezi. Halafu mwezi wenyewe unachomoza, na hao wana wa mwezi inabidi watoroke haraka. Niliposoma mara ya kwanza nilikuwa kidato cha tatu, nikacheka sana. Niliporudia kusoma chuoni ndipo nilipogundua kwamba nilicheka nikiwa nimekaa ndani ya puto. Kule chini walikuwa watu wa nchi yangu, nami niliwaona wadogo kama Verne alivyowaona, maana mwandishi alikuwa amenipa kiti juu.

Tangu hapo kila hadithi ya angani naiuliza swali moja: nani yuko juu, na alifikaje huko?

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Ni nchi inayoelea angani. Haina injini, haina gesi, wala mwandishi hahangaiki kutueleza inashikiliwa na nini. Wapo watakaosema hiyo basi ni ngano, si bunilizi ya kisayansi, na sina haja ya kugombana nao kuhusu jina. Mimi naona kazi ni ileile ya Verne: badilisha sharti moja la dunia, kisha fuata matokeo yake bila kudanganya. Ukiwa nchi iliyo hewani, majirani zako hawako pande nne tu. Wako pande sita. Kwa hiyo Wasadikika wanatuma wajumbe kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, na pia mbinguni na ardhini. Hilo la sita ndilo hunifurahisha kuliko yote. Ardhi hii tunayoikanyaga imegeuka nchi ya mbali ya kupelekewa mjumbe.

Habari hizo tunazipata mahakamani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni kusimulia safari za wajumbe waliotangulia. Kila mmoja alitoka, akaona mambo yenye manufaa, akarudi nayo, akafungwa. Hatari kubwa ya msafiri haimngojei njiani, inamngojea nyumbani. Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali ya kikoloni, na naamini alijua vizuri kwa nini kesi ya namna hiyo haikuweza kuwekwa Tanga au Dar es Salaam. Akaipandisha nchi nzima hewani, mahali ambapo hakuna bwana shauri wa kuuliza ni serikali gani inayosemwa.

Sasa inanibidi nishuke hapa mlimani, kwa sababu ya mwaka huo.

Mnamo Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya Mlima Meru, ili ardhi yao igawanywe kuwa mashamba 13 ya mifugo ya walowezi. Nyumba zilichomwa. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, basi Wameru wakachanga fedha na kupeleka malalamiko yao huko. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, na shauri lilisemwa pia na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kamati ya Nne ilipitisha azimio la kuwaunga mkono. Lilipofika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili za kura. Mwaka 1967 Japhet na Seaton waliiandika kesi hiyo kwenye kitabu.

Sisemi kwamba Shaaban Robert aliwafikiria Wameru. Bila shaka kitabu kilikuwa kimeshaandikwa kabla moshi haujapanda Engare Nanyuki. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuwa na Kusadikika mkononi mwaka ule hakuwa akisoma mambo ya ajabu. Mjumbe anatumwa mbali kutafuta sheria iliyo bora kuliko ya kwao: ilikuwa habari ya mtaani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na miaka minane hivi walipohamishwa. Anasema watoto waliambiwa kwamba Kirilo amekwenda kwa ndege Umoja wa Mataifa, na kwa kuwa ndege hupita mawinguni, wao walielewa kwamba Umoja wa Mataifa uko mawinguni. Jioni walikuwa wakitazama juu kuona kama anarudi. Sijui kama wenzake wanakumbuka hivyo. Yeye anakumbuka.

Wa tatu ni Katama Mkangi, mtu wa pwani ya Kenya na mtaalamu wa elimu ya jamii, aliyekamatwa mwaka 1986 na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Riwaya yake Walenisi ilitoka mwaka 1995. Humu hatimaye mna chombo cha angani cha kumridhisha hata mwenzangu wa chumbani, ila chombo chenyewe ni adhabu. Dzombo amehukumiwa kufa, na wanaohukumiwa hivyo hufungiwa ndani yake na kurushwa wakafie huko juu. Kazi yake ni ileile ya Fergusson, kukiongoza kitu kisichokusudiwa kuongozwa, lakini Fergusson alipanda kwa hiari na kuagwa kwa heshima. Dzombo anafaulu, anatua kwenye sayari ya watu wanaoishi kwa usawa na utu. Jina la sayari ukilitamka polepole linajifungua lenyewe: wale ni sisi.

Kusema kweli baada ya kutua kitabu hunichosha kidogo. Wenyeji wa Walenisi wanaeleza mno, na mgeni anauliza maswali yaleyale wanayotaka kuyajibu. Lakini sehemu ile ya ndani ya chombo, mtu peke yake na mashine iliyotengenezwa imuue, naisoma nikijua kwamba aliyeiandika alikwisha kufungiwa mlango na serikali yake. Siwezi kuisoma kama mchezo.

(Wataniuliza mbona sikumtaja Kezilahabi, aliyeandika Nagona na Mzingile baada ya dunia kumalizika. Mzingile nimeusoma mara tatu na mara zote tatu nimepotea ndani yake. Nikitoka nitaandika.)

Pasaka nilikwenda kumsalimu bibi. Nilimsimulia Kusadikika tukiwa jikoni, yeye akimenya ndizi. Alinyamaza mpaka niliposema kwamba Karama alishinda.

"Na wale waliokuwa wamefungwa?"

"Walifunguliwa, bibi."

"Wote sita?"

"Wote."

Akaendelea kumenya. Nikamweleza kwamba mmoja wao alikuwa ametumwa ardhini, kwa kuwa wao walikaa hewani. Hapo aliweka kisu chini, akanitazama.

"Hata hao wa angani walituma mtu kufuata ardhi?"

Nilijaribu kumweleza kwamba ardhi ya kitabuni maana yake ni dunia, siyo shamba. Akasema ndiyo, amesikia, na akaniagiza nikalete kuni.