Kioo Kipi Kimeondolewa?

Mwaka 1951, huko Kolo wilayani Kondoa, Mary Leakey alinakili kwa mkono michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Anayeipiga picha leo, mahali pasipo nafasi ya kurudi nyuma, huhitaji lenzi ya pembe pana ili ukuta mzima uenee katika picha moja.

Kwa miaka mingi kamera nyingi zilikuwa na kioo nyuma ya lenzi, kilichopeleka taswira kwenye jicho la mpiga picha. Kioo hicho kiliilazimisha lenzi ya pembe pana ikae mbali na filamu, nayo ikawa kubwa na nzito. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ya Japani ilitoa kamera ya G1 isiyo na kioo hicho. Lenzi ikaweza kusogea karibu na kuwa ndogo.

Hapo ndipo penye mtego kwa mfasiri. Akiandika "kamera isiyo na kioo", msomaji aweza kudhani kwamba haina lenzi, maana lenzi nayo ni kioo. Twapendekeza "kamera isiyo na kioo akisi": kiakisicho nuru kimeondolewa, kiipitishacho kimebaki.