Yen moja kwa kila sungura: kodi iliyozima biashara ya Tokyo mwaka 1873

Chukua kikokotoo cha simu yako. Tuseme una sungura wanane wa kufugwa nyuma ya nyumba. Serikali ya mkoa inatangaza kwamba kila sungura lazima aandikishwe, na kila mwezi utamlipia kodi ya yen 1. Ukimficha akagundulika, faini ni yen 2 kwa kila kichwa. Kwa wanane wako, basi, ni yen 8 kila mwezi. Sasa linganisha: askari polisi mpya wa Tokyo mwaka 1874 alianzia mshahara wa yen 4 hivi. Kwa lugha rahisi, ili uendelee tu kuwa na sungura wako, kabla hujanunua hata konzi moja ya chakula chao, unahitaji mishahara ya polisi wawili.

Hii kodi ilikuwepo kweli. Ilitangazwa na serikali ya mkoa wa Tokyo Desemba 1873. Ukiisoma hivihivi utadhani ni kichekesho cha watawala waliokosa kazi. Lakini ukijua kilichokuwa kikiendelea mjini humo mwaka mzima uliotangulia, unaanza kuelewa kwa nini mnyama mdogo namna ile aliwanyima watu wa serikali usingizi.

Kwanza tumweke sawa mnyama mwenyewe, maana Kiswahili chetu kinamwita kila mwenye masikio marefu "sungura". Yule mjanja wa ngano za bibi ni sungura wa porini, anayezaa watoto waliokwisha ota manyoya na wenye macho wazi. Japani nayo ilikuwa na wa porini wake tangu zamani. Huyu wa kufugwa ni jamii nyingine kabisa, asili yake Ulaya, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Kule Japani wa aina hii walikuja kuonekana kwa wingi baada ya bandari kama Yokohama kufunguliwa kwa wafanyabiashara wa nje mwaka 1859. Walishuka melini pamoja na saa, kofia na chupa za bia, na kama vitu hivyo vingine, walikuwa na sifa moja kubwa: ugeni.

Na ugeni wakati huo ulikuwa mali. Utawala wa shogun uliangushwa mwaka 1868, mji wa Edo ukapewa jina la Tokyo, na kila mwaka kitu kimoja cha zamani kilifutwa. Mwaka 1871 zilifutwa himaya za mabwana wakubwa, na mwaka huohuo ikaja sarafu mpya, yen. Januari 1873 hata kalenda ilibadilishwa wakaanza kufuata hii tunayotumia sisi. Hebu jaribu kuishi katika nchi ambayo ndani ya miaka mitano imebadilisha mtawala, pesa na tarehe.

Katikati ya msukosuko huo lilikuwepo kundi kubwa la watu wenye hadhi lakini wasio na kazi: masamurai. Kwa vizazi vingi walikuwa wakilipwa posho ya mchele na mabwana zao. Sasa mabwana hawakuwepo tena, posho ililipwa na serikali kuu, na kila mwenye akili alijua haitadumu. Desemba 1873, mwezi uleule wa kodi ya sungura, serikali ilitangaza kwamba samurai wa posho ndogo anaweza kuibadilisha kwa malipo ya mkupuo, nusu taslimu na nusu hati za dhamana. Mwaka 1876 hiari ikageuka lazima kwa wote. Hawa ni watu waliofundishwa upanga na maandiko, hawakufundishwa kuuza wala kununua. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kuna mnyama anayekula majani na kuzaa kila mwezi, na kwamba watoto wake wananunuliwa kwa bei kubwa, atakusikiliza. Mimi pia ningesikiliza.

Hawakuwa masamurai peke yao. Wenye maduka, mafundi, hata watu wa kawaida wa mitaani waliingia. Mwaka 1872 ilizuka mikutano ya sungura, ambapo watu walileta wanyama wao, wakawashindanisha kwa rangi, masikio na umbo, na kuuziana palepale. Waliotafutwa zaidi ni wale wenye madoadoa, walioitwa sarasa, jina la vitambaa vya maua vilivyotoka India. Magazeti, ambayo nayo yalikuwa kitu kipya, yaliandika bei za yen mia moja na zaidi kwa sungura mmoja. Rudi kwenye kikokotoo: yen 100 ni miezi 25 ya mshahara wa yule polisi wetu. Wapo waliowapaka rangi sungura weupe wakawauza kama wa madoa. Mvua ikinyesha, siri nje.

Hapa ndipo elimu ya viumbe inapoingia, na kwangu ndipo utamu wa hadithi ulipo.

Sungura jike hubeba mimba siku 30 au 31 hivi, na anaweza kupandwa tena muda mfupi tu baada ya kuzaa. Watoto sita hadi wanane kwa uzao mmoja ni jambo la kawaida. Mtoto wa kike akifikisha miezi mitano au sita naye ni mama mtarajiwa. Chakula chake hakina gharama: majani, mabaki ya mboga, machicha ya soya kutoka kwa watengeneza tofu. Tena utumbo wake umeumbwa kubana matumizi. Anatoa vinyesi vya aina mbili, na vile laini anavila tena moja kwa moja ili avune virutubisho vilivyobaki. (Usikunje uso. Ndiyo sababu anaweza kuishi kwa majani ambayo mnyama mwingine wa ukubwa wake asingenenepa nayo.) Kwa hiyo mtaji wote wa biashara hii ulikuwa kwenye kununua wazazi. Ukishawapata, kuwaongeza ni karibu bure.

Lakini kitu ambacho kuongeza ni karibu bure hakiwezi kubaki na bei ya miezi 25 ya mshahara. Bei hiyo inasimama kwa muda tu ambao wanunuzi wapya wanaingia kwa kasi kuliko watoto wanavyozaliwa. Kwa sungura, watoto wanashinda. Huku kwetu tuna neno zuri la mpango wa namna hii, upatu, ingawa hapa hakukuwa na tapeli mmoja aliyekaa juu akikusanya. Kila mtu alikuwa juu ya mwenzake aliyekuja baada yake.

Kuna tatizo la pili ambalo wafugaji wale wasingeweza kulijua. Aina ya madoa iliyoenea zaidi kwa sungura wa kufugwa inaongozwa na jeni moja. Mnyama mwenye nakala moja ya jeni ya madoa anapendeza: madoa mengi, yaliyosambaa vizuri. Asiye na nakala yoyote ana rangi moja mwili mzima. Mwenye nakala mbili anakuwa karibu mweupe wote, doa hapa doa pale, na mara nyingi anasumbuliwa na utumbo mkubwa usiosukuma chakula sawasawa. Sasa pandisha wawili wazuri wenye madoa, kila mmoja na nakala moja. Katika watoto wanane, kwa wastani wanne watakuwa na madoa yanayotakiwa, wawili watakuwa wa rangi moja, na wawili karibu weupe. Kila uzao, nusu yake si kile ulicholipia. Mendel alikuwa amekwisha chapisha hesabu za namna hii kwa kutumia njegere mwaka 1866, ila wanasayansi wenyewe hawakumjali hadi mwaka 1900. Mfugaji wa Tokyo alichokiona ni bahati tu: leo imekubali, kesho imekataa. Na bahati ndiyo inayomrudisha mtu mezani.

Serikali ilianza kwa kukataza. Mwanzoni mwa 1873 mikutano ya sungura ilipigwa marufuku. Matokeo unaweza kuyabashiri hata bila kusoma historia: watu walikutana kwa siri na biashara ikaendelea. Ndipo Desemba wakaja na ile yen moja.

Kwa nini wasizuie sungura bandarini? Hili swali lina jibu linalotuhusu hata sisi wa pwani. Japani ilikuwa imefungwa na mikataba na mataifa ya Magharibi, na tangu 1866 ushuru wake wa forodha kwa bidhaa nyingi ulibanwa kwenye asilimia 5. Haikuwa na uhuru wa kuupandisha ipendavyo. Kama asilimia hiyo inakugonga kichwani, ni kwa sababu Zanzibar ilitia saini jambo hilohilo mapema zaidi: mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa bidhaa za Wamarekani kwenye asilimia 5. Mfanyabiashara wa nje aliyeleta sungura Yokohama hakuguswa na sheria za Japani, maana kesi zake zilisikilizwa na konsuli wa nchi yake. Aliyeweza kuguswa ni Mjapani mwenye sungura nyumbani kwake. Akaguswa.

Tazama jinsi kodi ile ilivyokaa. Haikuwa kodi ya mauzo wala ya faida. Ilikuwa kodi ya kichwa, ile tuliyoisikia kwa babu zetu walioilipa kwa Mjerumani na Mwingereza, safari hii kichwa kikiwa cha sungura. Ililipwa kwa mwezi, na mwezi ni karibu sawa na mimba ya sungura. Kwa hiyo kila ulipomaliza kulipa, uzao mwingine ulikuwa mlangoni. Na kodi haikuuliza madoa. Sarasa wa yen mia angeweza kujilipia yen moja bila shida. Ila wale nusu ya uzao, wa rangi moja na weupe, ambao thamani yao haifiki hata hiyo kodi, nao walihesabiwa. Kilichokuwa karibu bure kikawa ndicho kinachokuumiza: kuzaliana.

Bei iliporomoka mara moja. Jambo ambalo jana lilikuwa mali, leo lilikuwa deni linalotafuna karoti. Mwenye sungura ishirini alikuwa na njia chache. Kuwapeleka nje ya mkoa, ambako kodi ya Tokyo haikufika. Kuwaficha na kuomba jirani asiseme. Kuwatupa au kuwaua. Au kuwauza kama nyama na ngozi, kwa senti. Wengi waliishia chunguni. Ulaji wa nyama wenyewe ulikuwa umepata baraka karibuni tu, baada ya habari kutoka mwanzoni mwa 1872 kwamba mfalme Meiji anakula nyama ya ng'ombe. Sungura lakini alikuwa na historia yake pembeni: mpaka leo Wajapani wanamhesabu kwa neno la kuhesabia ndege, na maelezo maarufu ni kwamba zamani iliwasaidia kumla bila kuvunja mwiko wa wanyama wa miguu minne.

Je, kodi ilikuwa ya haki? Hapa mimi nagawanyika. Kama lengo lilikuwa kuzima upatu, ilifanikiwa pale ambapo marufuku ilishindwa, kwa sababu ilibadilisha hesabu za mtu nyumbani kwake badala ya kumfukuza na virungu. Ila angalia nani alikula hasara. Aliyenunua mapema na kuuza mapema alikwisha ondoka na hela zake. Muuzaji wa Yokohama alikuwa ameshalipwa. Kodi iliwakuta walioingia mwisho. Na aliyefuga wawili watatu kwa kuwapenda tu, bila kuuza hata mmoja, alidaiwa sawa na mlanguzi. Yen 3 kwa mwezi kwa sungura watatu wa watoto wako: nani angeweza?

Kama unaona mambo haya ni ya mbali, muulize Mkenya yeyote kuhusu kware wa mwaka 2013 na 2014. Yai dogo la kware lilivumishwa kuwa dawa ya kila ugonjwa, bei ikapaa, watu wakakopa wakajenga vibanda, na kwa kuwa kware kisheria alihesabiwa mnyamapori, mfugaji alitakiwa kuwa na leseni ya Shirika la Huduma za Wanyamapori. Leseni haikuzima kitu. Kware naye, kama sungura, anakomaa haraka mno. Wiki sita au saba tangu kuanguliwa anataga. Ndani ya miezi michache mayai yalijaa sokoni na bei ikaanguka yenyewe. Hakuna yen moja iliyohitajika.

Hiyo ndiyo sehemu inayonikereketa kuhusu Tokyo. Soko lile lingeanguka tu, kwa kasi ya siku 31 kwa uzao. Kodi ililiangusha kwa siku moja, ikampa kila aliyepoteza mtu wa kumlaumu. Baadaye ilikuja kufutwa. Sungura walibaki Japani, bei ya chini, mashambani na kwenye mabanda ya shule, na katika vita vya karne ya 20 walifugwa kwa wingi ili manyoya yao yashonewe makoti ya askari. Kwa kazi hiyo madoa hayakuwa na maana yoyote.