Panya Chini ya Ngozi ya Fahali

Jumamosi alfajiri, umande ukiwa haujakauka, barabara za udongo za Shinyalu na Ikolomani, katika Kaunti ya Kakamega magharibi mwa Kenya, huwa si za magari tena. Huwa za mafahali. Hutangulia ngoma za isukuti, hufuata vijana waliokwisha kukauka sauti kwa kuimba, na katikati yao hutembea mnyama mwenye shingo nene kuliko kiuno cha mtu mzima. Msafara unaelekea Khayega, Malinya au uwanja wowote walikopatana wenyeji, Waisukha na Waidakho. Hapa si Hispania, hakuna mtu mwenye upanga. Ng'ombe hupigana na ng'ombe. Paji kwa paji, pembe zinaumana, kwato za nyuma zinachimba ardhi, na kazi yote inakuwa ya kusukumana mpaka mmoja ageuke akimbie.

Ukisimama karibu (si karibu sana) utaona pambano linaamuliwa wapi: shingo, nundu, bega, paja. Watazamaji wanavijua viungo hivyo kama wanavyojua vijiji vyao. Lakini mwanafunzi wa afya ya mifugo, au huyu wa fani changa ya kuchua wanyama, akifungua kitabu chake hakuti bega wala paja. Anakuta majina ya Kilatini na Kigiriki, marefu kama mkia, ambayo mengi hayakutungwa kwa ajili ya ng'ombe. Yalitungwa kwa mtu, yakapitia kwa farasi, ndipo ng'ombe akavishwa. Na Waswahili wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tuanze na neno lenyewe. Warumi waliuita msuli musculus, yaani panya mdogo. Wagiriki nao walitumia neno moja, mys, kwa panya na kwa msuli. Kunja mkono wako, ukunjue, uukunje tena: waliona kipanya kinakimbia chini ya ngozi. Mswahili alitazama mkono huohuo akaona shavu. Tunasema shavu la mkono, shavu la mguu, na kwangu mimi hiyo ni picha iliyo bora, maana shavu hujaa na kunywea, wala halikimbii kwenda popote. Neno msuli nalo lina mambo yake. Huko Pwani ni nguo anayojifunga mwanamume kiunoni, na kwa wanafunzi wa Tanzania kupiga msuli ni kukesha na vitabu. Anayesoma anatomia ya ng'ombe basi anapiga msuli juu ya misuli.

Kitu cha ajabu ni kwamba mwanzoni mambo yalikuwa kinyume: mtu ndiye aliyevishwa nguo za ng'ombe. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, hakuweza kupasua maiti za watu, kwa hiyo alipasua nyani, nguruwe na ng'ombe, kisha akaandika kana kwamba ameona mwili wa binadamu. Alieleza kwamba chini ya ubongo wa mtu kuna wavu wa mishipa midogo ya damu. Wavu huo ng'ombe anao, binadamu hana. Kwa zaidi ya miaka 1,300 madaktari waliamini wana kitu cha zizini kichwani mwao, mpaka Andreas Vesalius alipochapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1543, akaonyesha kwamba mzee Galen alikuwa amechungulia mnyama mwingine.

Vesalius mwenyewe aliihesabu misuli kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ni Jacobus Sylvius, aliyekuwa mwalimu wake Paris, aliyeipa mingi majina. Mtindo wa kutaja haukuwa mgumu kama wanafunzi wanavyodhani. Msuli uliitwa kwa umbo, kwa idadi ya vichwa, kwa mahali au kwa kazi. Bisepsi ni wenye vichwa viwili. Deltoidi umechukua umbo la herufi ya Kigiriki yenye pembe tatu. Longisimo ni mrefu kupita yote, ule unaolala kando ya uti wa mgongo na ambao wenye bucha huukata steki. Serato umetokana na neno la Kilatini la msumeno, kwa vile unashika mbavu kwa meno meno. Mwenye kujua hivyo hakariri tena, anasoma.

Tatizo ni kwamba aliyelala juu ya meza alikuwa mtu. Msuli mkubwa wa tako la binadamu, unaomwezesha kuinuka wima na kupanda mlima, ukaitwa gluteo maksimo, mkubwa kabisa. Mnyama wa miguu minne alipopasuliwa, msuli uleule ulionekana mwembamba, na kwa ng'ombe umeungana kabisa na bisepsi ya paja hata huwezi kuutenganisha. Lakini jina lilikuwa limeshakwama.

Farasi ndiye aliyefuata mezani. Mwaka 1761 Claude Bourgelat, mkuu wa chuo cha wapanda farasi mjini Lyon, alipewa kibali cha kufungua shule ya tiba ya mifugo, ikaanza kufundisha mwaka 1762. Iliyoisukuma serikali ya Ufaransa kutoa kibali hicho ni tauni ya ng'ombe iliyokuwa ikifyeka mazizi ya Ulaya, tunayoiita sotoka. Bourgelat, hata hivyo, alikuwa mtu wa farasi, na anatomia aliyoifundisha kwa sehemu kubwa ilikuwa ya farasi. Ng'ombe ndiye aliyekuwa akifa. Farasi ndiye aliyeandikwa kwanza.

Sotoka hiyohiyo ilishuka Afrika Mashariki miaka ya 1890 ikamaliza mifugo kwa namna ambayo wazee walihesabia miaka yao. Kwa sehemu kubwa ndiyo iliyotuletea maabara na wapasuaji. Kabete, kando ya Nairobi, kukawa na kituo cha utafiti wa mifugo, na huko Muguga Walter Plowright akatengeneza chanjo iliyoisukuma sotoka mpaka ikatangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani. Kitivo cha tiba ya mifugo kilipoanza Kabete mapema miaka ya 1960, hatimaye wanyama wetu wenyewe walipanda mezani. Mjerumani Reinhold Hofmann alipasua swala, nyati na twiga, na kitabu chake kuhusu tumbo la wanyama wanaocheua kikachapwa Nairobi mwaka 1973.

Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamekwisha kuchoka na fujo ya majina. Madaktari wa binadamu walikutana Basel mwaka 1895 wakapunguza orodha yao. Wa mifugo walichelewa. Orodha yao ya kimataifa ilitoka mwaka 1968. Ndani yake gluteo maksimo ulivuliwa ukubwa wake, ukaitwa tu ule wa juujuu. Hata maneno ya mbele na nyuma yalibadilishwa, maana mbele ya mtu ni kifuani, na mbele ya ng'ombe ni kichwani. Mwanafunzi wa leo hufundishwa kusema kuelekea kichwa, kuelekea mkia, kuelekea mgongo, kuelekea tumbo, na kwa maneno hayo manne unaweza kumwelekeza mtu mkono wake uende wapi hata kama yuko gizani.

Sasa turudi Khayega. Fahali hana mtulinga. Mfupa ule ambao wewe ukiupapasa unaukuta kati ya shingo na bega, yeye hana, na kwa hiyo mguu wake wa mbele haujashikana na kiwiliwili kwa mfupa wowote. Kifua kizima kinaning'inia katikati ya mabega mawili kama mgonjwa kwenye machela, na kamba za machela hiyo ni ule msuli wa meno ya msumeno. Sehemu ya pigo la paji kwa paji, badala ya kuvunja mfupa, humezwa na nyama. Hiyo ni sababu mojawapo ya fahali kuweza kupokea uzito wa mwenzake aliyekuja mbio na bado akasimama.

Juu ya mabega iko nundu. Farasi wa Lyon hakuwa nayo, wala ng'ombe wa Ulaya. Ni fahari ya zebu wetu wa Afrika Mashariki, na ndani yake, pamoja na mafuta, kuna msuli uitwao romboideo, jina lililotokana na umbo la pembe nne lililolala upande. Vitabu vya Ulaya huuchora kama kipande bapa tu. Chini yake hupita kano kubwa ya shingo, ya rangi ya manjano, inayobeba kichwa bila kuchoka hata mnyama akiwa amesinzia. Wenye bucha wa Kakamega hawahitaji Kilatini kuijua. Chemsha utakavyo, hailainiki.

Kuchua wanyama kama taaluma ni jambo la juzi. Mmarekani Jack Meagher, aliyewachua wanariadha kwanza, alichapisha kitabu chake kuhusu farasi mwaka 1985. Alipohamia kwa wanyama, yeye pia alianza na farasi, kama Bourgelat. Kwa Kiswahili, Kamusi ya Tiba ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoka mwaka 2003, nayo ni ya binadamu. Mpiganisha fahali mashuhuri wa Kakamega, mwanasiasa Boni Khalwale, ni daktari, wa binadamu vilevile.

Pambano likiisha, aliyeshindwa huchukuliwa kando, kimya, bila isukuti. Mwenye mifugo akipitisha kiganja kutoka nyuma ya sikio la fahali wake, kushuka shingoni mpaka mbele ya bega, anapapasa msuli mmoja mrefu uitwao brakiosefaliko, maana yake wa mkono na kichwa. Kwa mtu ni misuli miwili, iliyotengwa na mtulinga. Kwa ng'ombe imeungana, na mahali ilipoungana pamebaki mstari mwembamba wa kano, pale ambapo mfupa ungekuwa.